Wanahisa tukianika ufisadi wa mgodi barabarani, tunaokoa mali au tunaizika?

#1 MtuWaUmoja
Wadau, hamjambo. Nina swali na lina hasira ndani yake, mnivumilie.

Chama chetu kina watu 22, wengi wa Umoja na Donholm. Mwaka 2014 tulichanga tukanunua hisa katika kampuni ndogo yenye leseni ya kutafuta dhahabu huko magharibi. Haiko kwenye soko la hisa. Jina sitaji. Barua ya wakili wao nimeshapata moja, ya pili siitaki. Mwaka jana tukasikia kwa watu kwamba kampuni tanzu inayoshika leseni imeuzwa, asilimia 80, kwa kampuni ya nje. Bei hatukuambiwa. Baadaye mmoja wetu, ambaye kazi yake ni kufuatilia karatasi za watu mjini, akagundua kwamba anayeisimamia hiyo kampuni ya nje hapa Nairobi ni shemeji ya mkurugenzi wetu. Shemeji kabisa, wa harusi ambayo sisi wenyewe tuliichangia.

Tuliandika barua tatu. Kimya. Jumanne iliyopita tukaenda watu tisa, tukasimama nje ya ofisi yao Upper Hill na bango. Bango tulichapisha River Road, fundi akaandika LESSENI YETU IKO WAPI, na S mbili, na pesa ya kurudia haikuwepo. Askari wa lango akatoka akauliza tumetumwa na nani. Mama mmoja wetu, ana miaka 67, akamwambia, "Nimetumwa na pesa zangu." Mvua ikaanza saa tano, tukabaki pale pale. Gazeti moja likatupiga picha, ikatoka ukurasa wa ndani.

Sasa nusu ya chama wanasema tumejichimbia kaburi: mnunuzi atakimbia, serikali itaanza kuikagua leseni, hisa zetu ziwe karatasi za kufungia mandazi. Nusu wanasema tungenyamaza tungeibiwa tukiwa macho. Nyinyi mnaonaje?

#2 BabuWaKariobangi
LESSENI. Hata mimi ningekuwa mnunuzi ningekimbia.

#3 Hisa_na_Chai
Pole ndugu, na hongera kwa huyo mama. Tatizo ni kwamba wanahisa wa Nairobi tumelelewa vibaya. Mimi nimekuwa nikienda mikutano mikuu ya mwaka tangu zile hisa za KenGen za 2006. Watu wanafika saa kumi na mbili asubuhi kupanga foleni ya mwavuli na boksi la kuku. Mwenyekiti akisema "maswali?", mzee anasimama mbele ya kipaza sauti, anasafisha koo, anauliza kwa nini mwaka huu hakuna fulana. Mahesabu yanapita kwa makofi. Halafu siku mwanahisa akisimama barabarani kuuliza leseni imeenda wapi, sote tunamtazama kama mwendawazimu.

#4 BabuWaKariobangi
@Hisa_na_Chai huyo mzee wa fulana ni mimi. Na sikujibiwa mpaka leo.

#5 Wakili_Mdogo
Salamu. Nianze na jambo linalowauma watu: kisheria aliyeibiwa si wewe, ni kampuni. Kanuni hiyo ni ya tangu 1843, kesi ya Uingereza iitwayo Foss v Harbottle. Kampuni ikidhulumiwa, ni kampuni inayoshtaki. Shida ni kwamba kampuni inaongozwa na haohao wanaoshukiwa. Ndiyo maana Sheria ya Kampuni ya 2015 inamruhusu mwanahisa kufungua kesi kwa niaba ya kampuni, lakini lazima kwanza aombe ruhusa ya mahakama. Sio lazima uwe na hisa nyingi. Lazima uwe na ushahidi wa kumfanya jaji akusikilize.

Picha ya gazeti sio ushahidi. CR12, ile hati ya msajili wa kampuni, ni mwanzo mzuri. Mnayo? Shilingi chache tu kwenye eCitizen, inaonyesha wakurugenzi na wenye hisa.

Na kabla ya bango lijalo: Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mtoe taarifa kwa polisi siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla. Mlipeleka?

#6 MtuWaUmoja
Hatukupeleka. Kanjo, askari wa kaunti, walikuja, wakatazama bango, wakacheka ile S, wakaenda zao.

CR12 ya kampuni yetu tunayo. Ya mnunuzi hatuna, imesajiliwa nje.

#7 Wakili_Mdogo
Basi kuna kitu kingine. Siku hizi kampuni za Kenya zinatakiwa kuweka kwa msajili daftari la wamiliki halisi, yaani mtu mwenye kuanzia asilimia 10, hata kama jina lake limefichwa nyuma ya kampuni nyingine. Ile kampuni tanzu ni ya Kenya, sivyo? Mnunuzi mwenye asilimia 80 ana sura ya binadamu mahali fulani. Huenda hutapewa hilo daftari ukienda kaunta, lakini jaji anaweza kuliagiza.

#8 Mdigo_wa_Lungalunga
Hodi huku bara. Nyinyi mnazungumza kama jambo hili ni geni. Sisi wa Mrima, Kwale, tumeliona. Machi 2013, uchaguzi ukiwa bado haujapoa, kampuni ikapewa leseni maalum ya kuchimba niobiamu na madini adimu kwenye mlima wetu, ambao ni kaya, yaani msitu mtakatifu wa wazee, na ni msitu wa hifadhi. Agosti mwaka huohuo leseni ikafutwa. Wenye kampuni wakasema hadharani kwamba waliombwa hongo, waziri wa wakati huo akakana. Kelele dunia nzima, mpaka magazeti ya Kanada, kwa sababu wanahisa wakubwa walikuwa huko. Wakadai zaidi ya dola bilioni 2. Walipata nini?

#9 Jirani_Pipeline
Si hiyo ndiyo titanium iliyofungwa mwisho wa 2024? Na nasikia Kenya ilishinda kwa sababu ilithibitika kampuni ndiyo iliyohonga.

#10 Mdigo_wa_Lungalunga
@Jirani_Pipeline makosa mawili kwa mstari mmoja, umejitahidi. Titanium ni ya kampuni ya Base, huko upande wa Msambweni, ilichimba mchanga zaidi ya miaka kumi. Mrima hakujachimbwa hata karai moja. Kwale si shimo moja.

#11 Wakili_Mdogo
Niongeze kwa #9. Kesi ya Mrima ilikwenda kwa jopo la usuluhishi la ICSID, lile la Benki ya Dunia. Uamuzi ulitoka Oktoba 2018, Kenya ikashinda. Ila haikushinda kwa sababu ya hongo. Jopo lilishika uhalali: leseni ilitolewa bila tathmini ya mazingira na bila kufuata masharti ya kuchimba ndani ya msitu wa hifadhi na turathi ya taifa, kwa hiyo haikuwa leseni halali ya kulindwa. Wenye kampuni wakaomba uamuzi ubatilishwe, wakakataliwa 2021.

Kwa hiyo @MtuWaUmoja, funzo lako liko hapo. Unaweza kupiga kelele za ufisadi miaka mitano, kisha mtu afungue faili lenu aulize: na hiyo leseni yenyewe, mliipata vipi?

#12 Mdigo_wa_Lungalunga
Ahsante wakili. Nami niseme la wenyeji, maana halikuandikwa gazetini. Mlima ule una thoriamu, ardhi yenyewe ina mionzi kuliko kawaida, na wazee wa kaya walikuwa na marufuku zao za kuchimba huko kabla mtu wa Nairobi hajajua niobiamu ni nini. Mwanahisa wa Vancouver akilia ufisadi, analia kwamba hakupewa mlima. Mimi nalia kwamba ulikuwa unagawiwa.

#13 Vipuri_Lubumbashi
Niko Industrial Area sasa, lakini nimekaa Lubumbashi miaka mitano nikiuza vipuri vya malori. Nina hadithi inayomjibu mleta uzi moja kwa moja, na wanahisa wake walipata pesa. Kaeni.

Kulikuwa na kampuni ya Kanada, Africo, yenye sehemu kubwa ya mgodi wa shaba na kobalti uitwao Kalukundi, Katanga. Mfanyakazi wa zamani akaishtaki huko Kongo akidai fidia ya kazi. Akashinda, na mahakama ikaamuru hisa za ile kampuni tanzu inayoshika leseni zipigwe mnada. Fikirieni: deni la mshahara linauza mgodi. Mnunuzi akawa kampuni iitwayo Akam, iliyohusishwa na Dan Gertler, yule mfanyabiashara wa Israeli aliyekuwa karibu na Ikulu ya Kinshasa. Africo wakapigana mahakamani. Halafu 2008 kampuni nyingine ya upande uleule, Camrose, ikaja na dola milioni 100 za Kanada ikachukua sehemu kubwa ya Africo yenyewe. Yaani wanahisa wakakubali kuokolewa na mkono uleule uliowakaba, kwa sababu wangefanya nini?

Sasa sogea mpaka 2016. Kampuni ya fedha ya New York, Och-Ziff, inakubali kulipa serikali ya Marekani zaidi ya dola milioni 400, na tawi lake la Afrika linakiri kosa la njama ya kuhonga. Ndani ya karatasi za mashtaka imeandikwa jinsi hongo zilivyotembea Kongo, mpaka upande wa mahakama, ili ile kesi ya Africo ielekee kunakotakiwa. Wanahisa wa zamani wa Africo wakasoma wakaona maisha yao. Wakaenda kwa jaji Brooklyn wakasema: sisi ndio tulioibiwa, hatujatajwa kwenye fidia. Wenye kesi hawakuwataka. Walipiga kelele, waliandika, walisimama mbele ya jaji. 2019 jaji akakubali kwamba ni wahasiriwa, na 2020 wakapewa kama dola milioni 135.

Gertler amekana siku zote, na kwenye kesi ile hakushtakiwa, ingawa Marekani ilimwekea vikwazo Desemba 2017.

#14 MtuWaUmoja
@Vipuri_Lubumbashi nimeisoma mara mbili. Naipeleka kwa chama. Kwa hiyo kelele zinalipa.

#15 Mama_Mahesabu
Samahani nikumwagie maji. Hesabu miaka: 2008 mpaka 2020, kumi na miwili. Huyo mama wa 67 atakuwa na 79. Na tena waliofungua mlango ni waendesha mashtaka wa Marekani, kwa sababu pesa zilipita New York. Wanahisa walipanda gari likiwa tayari linatembea. Nyinyi gari lenu liko wapi? Shemeji yenu pesa zake zimepita wapi, Eastleigh?

#16 Vipuri_Lubumbashi
@Mama_Mahesabu kweli kuhusu miaka. Lakini kupanda gari linalotembea si kazi ndogo, wengine huachwa. Waliokuwa wameuza hisa na kunyamaza hakuna aliyewatafuta kwanza.

#17 Ng'wana_Mwanza
Wakenya habari zenu. Nimesoma mpaka hapa, Kiswahili chenu kinanichekesha ila mada tamu. Kwetu neno la kila mtu 2017 lilikuwa "makinikia". Machi mwaka huo serikali ilizuia kontena za mchanga wa dhahabu na shaba kusafirishwa, kamati mbili za Rais Magufuli zikaleta ripoti, na Julai Acacia, kampuni ya kuchimba dhahabu, wakapelekewa deni la kodi la dola bilioni 190. Bilioni, sijakosea. Acacia walikuwa soko la hisa la London, na Barrick, kampuni kubwa ya dhahabu ya Kanada, ndiye aliyekuwa na karibu asilimia 64.

Sasa wanahisa wadogo wa Acacia. Hao walikuja juu 2019, lakini hawakupiga kelele dhidi ya Tanzania tu. Waliwapigia Barrick! Kwamba mwanahisa mkubwa anakaa mezani na serikali kuzungumzia mgogoro, halafu huyohuyo anarudi kununua hisa za wadogo kwa bei iliyoshushwa na mgogoro. Wakaandika kwenye magazeti, wakasukuma bei ikapanda kidogo, mwishowe wakauza. Barrick akamaliza na serikali: dola milioni 300, serikali ikapata asilimia 16 ya migodi, na kampuni ya pamoja Twiga.

Adui wa mwanahisa mdogo si lazima awe waziri. Mara nyingi ni mwanahisa mkubwa.

#18 Jirani_Pipeline
Mchanga unaitwaje? Makini-nini?

#19 Ng'wana_Mwanza
Makinikia. Nenda shule.

#20 Hisa_na_Chai
Kwetu Nairobi soko la hisa lenyewe halina mgodi wa kueleweka. Kuna Carbacid, nao wanachimba hewa.

#21 BabuWaKariobangi
Hewa ya soda, sio hewa tupu. Inatoka ardhini huko Lari. Ninazo hisa zao, na gawio huja. Kuliko dhahabu yenu ya shemeji.

#22 Mlinzi_wa_Takwimu
Naunga #17 mkono na mfano wa upande wa pili. Ile Camrose aliyoitaja #13, nusu yake na kidogo ilinunuliwa 2010 na ENRC, kampuni ya Kazakhstan iliyokuwa soko la London, kwa dola milioni 175. Ndani ya ENRC wakurugenzi huru walianza kuuliza maswali ya uongozi. Juni 2011 kwenye mkutano mkuu wawili kati yao, Richard Sykes na Ken Olisa, wakapigwa kura ya kutoka. Nani aliwapigia? Wanahisa. Wakubwa. Kampuni ikatoka sokoni 2013, mwaka uleule wachunguzi wa Uingereza walipofungua faili la ufisadi. Faili likafungwa Agosti 2023 bila mashtaka, kampuni imekana muda wote.

Kwa hiyo tusiseme "wanahisa" kama kwaya moja.

#23 Sauti_Kali
Nimekaa nasoma nikitabasamu. Ngoja niwe mbaya.

@MtuWaUmoja, mlinunua 2014. Leseni ilikuwa imeshapatikana au ilikuwa inatafutwa? Maana mimi nimefanya kazi ofisi ya mjini, siku zile faili lilikuwa linatembea kwa miguu, na miguu inahitaji nauli. Wanahisa wengi "wanaopinga ufisadi" wanapinga ufisadi wa awamu ya pili. Awamu ya kwanza walikuwa ndani. Neno ufisadi hutamkwa kwa sauti na aliyerukwa kwenye mgao.

#24 Mama_Mahesabu
Yesu.

#25 Hisa_na_Chai
@Sauti_Kali unamsema mtu aliyenyeshewa na mvua Upper Hill. Kuwa na adabu.

#26 MtuWaUmoja
Mwacheni, ameuliza swali.

Nimetoka kufungua daftari la chama. Mimi ndiye nilikuwa mweka hazina. Oktoba 2014, mchango wa nyongeza, na mwandiko ni wangu: "Uwezeshaji wa leseni, 350,000." Mkurugenzi alikuja kwenye mkutano wetu, tulikuwa kwa nyumba ya katibu, akala chapati akasema kuna watu wa kuwaona. Hakuna aliyeuliza watu gani. Mimi niliuliza kama kutakuwa na risiti. Watu wakacheka, nikacheka pia. Nikaandika uwezeshaji kwa sababu sikujua neno lingine la kuandika.

Sijui hiyo pesa ilifika wapi. Labda aliila mwenyewe, na siku hizi naomba iwe hivyo.

#27 Wakili_Mdogo
Ndugu, usiandike zaidi hapa. Sheria ya Kuzuia Hongo ni ya 2016, hiyo ni ya 2014, lakini kabla yake hapakuwa na likizo ya kuhonga. Tafuta wakili wa ana kwa ana, wewe na katibu. Na daftari lisichomwe wala lisipotee. Nasema kwa herufi kubwa: LISIPOTEE.

#28 Sauti_Kali
Nakuvulia kofia. Sikutegemea ungejibu.

#29 Vipuri_Lubumbashi
Lakini tusiteleze. Kama alikula mchango wao 2014 na sasa kawauzia leseni kwa shemeji, ni mtu yuleyule kaiba mara mbili. Aliyeibiwa akiwa na doa haachi kuwa ameibiwa.

#30 Nyatike_Born
Nimechelewa. Mimi ni wa Migori, upande wa dhahabu. Hapo #1 umesema "leseni yetu" na hapa jumbe 29 zimejadili leseni, hakuna aliyeuliza kama kuna watu juu yake. Shangazi yangu anaosha mchanga kwa karai na zebaki, mikono yake ukiiona utalia. Watafiti walikuja na GPS wakapiga vigingi kwa shamba lake la mihogo, wakamwambia ni serikali. Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha ugawiwe 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii. Kumi ya nini, kama leseni inauzwa Upper Hill kabla jembe halijagusa ardhi? Mrabaha hulipwa madini yakitoka. Leseni ikibadilisha mikono mara tano huko juu, kila mtu anapata faida isipokuwa mwenye mihogo.

Mngekuwa na yeye kwenye bango lile, kanjo wasingecheka.

#31 Mdigo_wa_Lungalunga
Ahsante Nyatike. Nilidhani niko peke yangu.

#32 Mama_Mahesabu
Swali la kiufundi kwa wakili. Si kuhamisha haki ya madini kunahitaji idhini ya waziri? Basi si waende kwa wizara waulize kama idhini ilitolewa?

#33 Wakili_Mdogo
Ni kweli kuhamisha leseni kunahitaji idhini. Ndiyo maana wajanja hawauzi leseni, wanauza kampuni iliyoishika. Leseni inabaki na jina lilelile ukutani. Hapo ndipo mabishano huanza, kwamba udhibiti umebadilika au haujabadilika. Waandikie wizara kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, taja namba ya leseni. Ila ukumbuke #11: ukiialika wizara ilifungue faili, italifungua lote.

#34 BabuWaKariobangi
Mimi ningekaa kimya niuze hisa kwa shemeji. Bei yoyote. Nimezeeka.

#35 Hisa_na_Chai
@BabuWaKariobangi ndiyo maana hukupewa fulana.

#36 MtuWaUmoja
Narudi na habari. Leo nimepita sanduku la posta, nimekuta mwaliko wa mkutano mkuu maalum wa kampuni. Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, hoteli moja Ngong Road. Ajenda namba 3 ni "kuthibitisha uuzaji wa hisa za kampuni tanzu". Fomu ya kumtuma mwakilishi iwe imefika saa 48 kabla. Leo ni Alhamisi, saa kumi na moja jioni.

#37 Mama_Mahesabu
Si notisi ni siku 21?

#38 MtuWaUmoja
Barua yenyewe imeandikwa tarehe ya wiki tatu zilizopita. Lakini muhuri wa posta juu ya bahasha ni wa juzi.

#39 Wakili_Mdogo
Usitupe hiyo bahasha. Piga picha pande zote mbili, iweke ndani ya lile daftari, na Jumamosi mwende nyote 22.

#40 Sauti_Kali
Bahasha tena.